Viazi ruksa, bunduki marufuku

Jumamosi iliyopita mchezo wetu wa mezani, ule ambao kila mtu anaigiza mhusika kwenye hadithi ya kubuni, ulikwama saa nzima kwa sababu ya bunduki. Tuko wanne, sebuleni kwangu Tanga, na mimi ndiye msimulizi. Ufalme wetu nimeutunga kwa mfano wa Ulaya ya karne ya 15: ngome, askari farasi waliovaa chuma kuanzia utosini hadi vidoleni, na joka moja mlimani. Binamu yangu, ambaye mhusika wake ni mhunzi, akataka kufua bunduki. Nikamkatalia: enzi hizo bunduki hazikuwapo.

"Joka linatema moto lipo, bunduki ndiyo haipo?"

Hoja ya joka hainikoseshi usingizi. Joka tulilikubali wote siku ya kwanza, kabla dadu halijarushwa. Ila usiku ule niliingia kusoma, nikaumbuka. Kuna kitabu cha Uingereza kilichoandikwa kwa mkono mwaka 1326, na ndani yake umechorwa mzinga wa baruti: kitu kama chupa nene, kimelazwa juu ya meza, mshale umechomoza mdomoni. Deraya ya mabamba ya chuma inayofunika mwili mzima ilikuja kukamilika karibu mwaka 1400 na kuendelea. Yaani deraya niliyowavika askari wangu ni mdogo wa mzinga kwa kuzaliwa! Na kufika 1453, mizinga ya Waosmani, yaani Waturuki, ilikuwa inabomoa kuta za Konstantinopoli, Istanbul ya leo.

Jioni hiyohiyo, ndani ya mchezo, nilikuwa nimewalisha wahusika wao supu ya viazi na nyanya kwenye nyumba ya wageni, wakala kimya. Viazi mbatata, nyanya, mahindi, pilipili kali, vyote asili yake ni Amerika. Ulaya haikuvijua kabla ya safari ya Columbus ya 1492. (Mama sijamwambia kwamba hata sembe yake ilikuja kwa meli.) Wale wakulima wangu walipaswa kula uji mzito wa shayiri, njegere na kabichi, na mkate mweusi wa kutafuna kwa bidii.

Basi nimempigia binamu simu, nikamwambia bunduki yako ruksa, kaka. Akashangilia mapema mno. Baruti ni makaa, salfa na shura (aina ya chumvi), na shura ndiyo kazi: inatoka kwenye udongo wa mazizi na vyoo vya zamani, unachimba, unachuja, unachemsha hadi igande. Salfa lazima inunuliwe kwa mfanyabiashara wa mbali, naye atataka kujua ya nini. Bunduki yenyewe ni bomba la chuma kwenye mpini, unawasha kwa utambi, na utambi ukilowa una rungu tu mkononi. Kuijaza tena, mpanda farasi ameshakufikia.

Tumeishia hapo: mhunzi yuko nyuma ya zizi la askofu, jembe mkononi, usiku, na nimeshatangaza kwamba mvua inaanza kudondoka.