Kebo ya umeme wa jeti: mtaani kila mtu ni fundi

Ukitaka kujua jinsi watu walivyo wataalamu wa umeme, simama jeti, pale boti zinapofunga, useme unatafuta kebo ya kuvuta umeme kuingiza kwenye boti. Mlinzi atakushauri, muuza pweza atakushauri, dereva wa bosi ndio usiseme, na katika ushauri wote huo labda mmoja tu hautakuunguzia boti. Mimi nimepitia, nimetoka salama, na naandika nikiwa bado nina hasira kidogo.

Boti yenyewe ni katamarani, imeundwa Cape Town, tunapeleka wageni visiwa vya Bongoyo na Mbudya. Raha ya boti za Sauzi ni kwamba umeme wao ni 230 volti hezi 50 kama wetu, huna haja ya transfoma. Siku nyingi tuko kwenye boya na sola inatosha, ila masika ikiingia jua hakuna, betri zinalala, inabidi usogee jeti uchomeke chaja. Kebo iliyokuja na boti ilishaondoka na mtu, tuishie hapo. Pembeni mwa boti kuna tundu la bluu la duara, pini tatu zimesimama ndani, la ampea 16. Lile ni dume. Kwahiyo kebo lazima iwe na jike upande wa boti na dume upande wa jeti, hilo kariri.

Sasa fundi wa kwanza aliyeletwa, kijana mzuri tu ana heshima, anakuja na suluhisho lake kashatengeneza kabisa nyumbani: waya una plagi ya pini tatu za bapa huku NA huku. Nikamuuliza hii ya wapi, akasema bro unachomeka moja jeti, ya pili unachomeka kwenye soketi yoyote humo ndani ya boti, umeme unaingia kinyumenyume, taa zote zinawaka, hela ya ile plagi ya bluu unaokoa. Na kweli zitawaka! Shida ni kwamba ukishachomeka jeti, ile plagi nyingine mkononi mwako ina pini za shaba ziko wazi zina moto wa 230, na umesimama peku kwenye sitaha ina maji ya chumvi. Halafu ukiingilia kwenye soketi umeshairuka ile breka ya kuingilia na kifaa cha kukata umeme ukivuja. Nikamshukuru, nikamlipa nauli, plagi moja nikaikata kwa koleo mbele yake ili asiende kumuuzia mwingine.

Bosi akaona nachelewesha. Dereva wake kamshawishi kuna rola ya ekstensheni nyumbani, mita 50, imetumika kwenye harusi mbili na haijawahi kuleta neno. Nikasema bosi hiyo ni ya spika na taa, hii boti ina chaja ya ampea 60, ina hita ya maji, na mama akija lazima birika la umeme liwake. Akasema jaribu kwanza kapteni. Haya, tukajaribu, ndoo ya mchanga nikaiweka karibu. Wamechomoa mita kama kumi hivi, nyingine zote zimebaki zimejiviringa kwenye rola, dereva amekaa juu yake kabisa kama kigoda anachati. Chaja ikawaka vizuri. Mama akawasha birika. Kwenye paneli naona volti zinashuka, 230 ikawa 210 na kitu, friji ikaanza kuguna. Dereva akahama mwenyewe. Hakuna aliyemwambia, alihamishwa na joto! Kuigusa ile rola ilikuwa ya moto kama sufuria la chapati, na ile harufu ya plastiki kila anayeijua anaijua. Nikakata breka, nikachomoa jeti.

Tulipoikunjua, mizunguko ya katikati ilikuwa imeshikana, waya umelainika umegandana na mwenzake. Na pembeni ya rola iliandikwa kabisa, maandishi madogo, kwamba ikiwa imekunjwa mwisho wati elfu moja na kidogo, ikikunjuliwa yote ndio karibu elfu tatu. Nani anasoma. Nikachukua kisu nikakwangua waya wa ndani: juu rangi ya shaba, chini nyeupe. Aluminiamu imepakwa shaba. Waya wa milimita mraba 1.5 wa shaba halisi kwa mita 50 tayari unakula kama volti 12 ukipitisha ampea 10, huu wa kupakwa unakula zaidi, na hizo volti zinazopotea ndio huo moto aliokalia dereva.

Baada ya hapo ndio nikaachiwa nifanye ninavyojua. Wakaja wa upande wa pili sasa, wale wa "chukua kebo ya ampea 32, nene, hutajuta". Nene ya nini ndugu yangu, wakati soketi ya jeti ni hii hii ya nyumbani ya ampea 13? 13 mara 230 ni wati 2990, basi, hata ukivuta kebo nene kama mkono, nguzo yenye hiyo soketi haitakupa zaidi. Na usitegemee fyuzi ya 13 ikuokoe, ukizidisha kidogo haikatiki papo hapo, inavumilia masaa huku plagi inaiva mpaka inakuwa rangi ya chai. Mwingine ananiuzia bei ya kutupa kebo ya njano kutoka boti ya Marekani, vichwa vya kuzungusha, ampea 30, "hii ni ya boti original". Original ya kwao kwenye volti 120, vichwa vimeandikwa 125. Nikampa pole.

Urefu ndio watu wengi wanachemka. Jeti yetu haieleei, imesimama, na bamvua huku Dar maji yanapanda na kushuka mita tatu na zaidi. Ukipima kwa macho maji yakiwa yamejaa utaona mita nane zinatosha, halafu usiku maji yakipwa boti inakwenda chini, kusi inaisukuma nje, kebo inakuwa ndio kamba ya kufungia boti. Nilichofanya, nikasubiri bamvua, maji yamekupwa kabisa, nikachukua kamba ya kawaida nikaipitisha kuanzia kwenye tundu la boti, nikazunguka kona zote ambazo kebo itapita, mpaka kwenye nguzo, nikaacha ilegee. Usipime kwa futi, futi haijui kukunja kona. Nikafunga fundo, ile kamba nikaenda nayo Kariakoo mkononi. Muuzaji alicheka, ila tulipoinyoosha chini dukani ikafika karibu mita 19. Nikachukua 25.

Kwenye kununua soma mgongo wa kebo. Nilitaka iandikwe H07RN-F 3G2.5, yaani mpira mweusi, nyaya tatu ikiwemo ya athi ya kijani na njano, unene milimita mraba 2.5. Zile nyeupe za plastiki jua la baharini linazikausha zinapasuka. Maandishi nayo yanaghushiwa, kwahiyo omba kipande, kwangua, halafu choma uzi mmoja mwembamba kwa kiberiti cha gesi: shaba inakuwa nyekundu na inabaki, aluminiamu inainama inakatika. Muuzaji wa kwanza alikataa nisichome, nikajua jibu. Wa pili alinipa kiberiti chake mwenyewe. Jumla na kichwa cha bluu cha upande wa boti, kile cha kuzuia maji, IP67, ilikuwa laki tatu na ushee, sikumbuki vizuri, risiti anayo bosi. IP44 ni rahisi zaidi lakini ikidumbukia majini imekwisha.

Ushauri wa mwisho niliopewa ndio ulioniudhi kuliko yote: "kata waya wa athi, unakula zinki za boti." Ni kweli kwamba athi inaunganisha vyuma vya boti yako na vya jeti na boti za jirani, zinki, vile vipande vinavyoliwa kwanza badala ya vyuma vya boti, zinaisha haraka. Lakini ukiikata, siku kitu kikivuja umeme unaweza kupita kwenye mwili wa atakayegusa chuma. Kuna kifaa cha kuweka kwenye huo huo waya wa athi, galvaniki aisoleta, kinazuia ule umeme mdogo unaokula zinki na kinapitisha ule wa hatari. Tumeagiza. Na kabla ya yote nilichomeka kitesta cha taa tatu kwenye soketi ya jeti nikakuta athi yenyewe haipo! Wamefunga soketi nzuri, waya wa athi umeishia hewani. Nilikataa kuchomeka mpaka waliporekebisha.

Siku hizi nachomeka boti kwanza ndio jeti, kutoa natoa jeti kwanza, breka imezimwa. Kebo inaning'inia kwa pete kwenye kamba yake pembeni, inateleza na maji, haigusi bahari. Kila wiki nasafisha pini kwa maji yasiyo na chumvi na kitambaa.

Mama sasa anataka AC. Nimemwambia bosi jeti waweke kwanza soketi ya bluu ya 16 kwenye ile nguzo, na siku AC inawaka birika lipumzike. Birika ndio bado tunajadiliana.