Mazingaombwe Chini ya Mwembe, Muheza

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990, katika shule moja ya msingi wilayani Muheza. Kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) tulikuwa nacho, barua ya Afisa Utamaduni wa wilaya imeshagongwa mhuri, na kiingilio tulishakubaliana na mwalimu mkuu: shilingi 50 kwa mwanafunzi, robo inabaki shuleni. Onyesho letu la mazingaombwe lilikuwa lifanyike darasani. Tulipofika saa nane mchana tukakuta shule jirani nayo imealikwa, na darasa haliwatoshi hata nusu yao. Mwalimu mkuu akaamua: nje, chini ya mwembe.

Asiyeijua kazi hii angeshangilia, maana watoto wengi ndiyo hela nyingi. Fundi, mwenye mazingaombwe yenyewe, ambaye mimi nilikuwa msaidizi wake, alinuna. Darasani watazamaji wako upande mmoja na nyuma yako kuna ubao. Chini ya mti wanakuzunguka, na karibu nusu ya vitu vya sandukuni vilitengenezwa kwa kuamini kwamba mgongoni hakuna mtu.

Aliomba tuegemee ukuta wa madarasa. Ukuta ule ulitazama magharibi, kwa hiyo watoto wangekaa juani alasiri nzima. Mwalimu mkuu alikataa, na haki ilikuwa yake. Basi tukafungua sanduku nyuma ya ofisi, Fundi akawa anachambua, mimi napokea vinavyobaki nje ya ratiba.

Gazeti liliondoka la kwanza. Lile linalochanwa vipande kisha likafunguliwa zima huwa na mwenzake: ukurasa uleule wa toleo lilelile, umekunjwa mpaka ukawa mdogo kama kiganja, umebandikwa kwa gundi nyuma kwenye kona. Wa mbele haoni kitu, ila wa nyuma anaona kifurushi kinaning'inia. Na upepo ukivuma ghafla hata wa mbele ataona.

Jagi la maziwa likafuata. Ndani yake kuna ukuta wa pili wa plastiki angavu, na maziwa hukaa katikati ya kuta mbili; ndiyo maana glasi moja tu hulifanya jagi lionekane limejaa. Ukiliinamisha, maziwa yanavuka ukingo wa plastiki na kushukia ndani, mtazamaji anaona yanapungua kana kwamba yamemiminwa kwenye karatasi. Mwanga ukitoka nyuma ya jagi, ule ukuta wa pili unajionyesha. Isitoshe maziwa halisi huacha utando kwenye plastiki, na kwa joto la Muheza huganda kabla ya zamu yake kufika.

Njiwa naye alibaki kwenye boksi lake lenye matundu, kivulini. Mfuko wake ulishonwa ndani ya koti, na ndege hafai kukaa humo zaidi ya dakika chache. Akianza kuhema mdomo wazi ujue umechelewa. Moto hatukuuwaza kabisa. Shule ya msingi hufanyi kiinimacho ambacho mtoto ataenda kukijaribu jikoni kwao.

Kilichobaki ni kamba, pete za chuma, mfuko wa yai linalotoweka na kurudi, na kidole gumba bandia cha kuvaa, kinachoficha kitambaa ndani yake. Hicho kidole kilikuwa na historia yake. Wakati ule viliuzwa vikiwa na rangi ya ngozi ya Mzungu, kwa hiyo ilibidi ukipake mwenyewe. Wengine walitumia dawa ya viatu. Mkono ukipata jasho, dawa inahamia kwenye kitambaa cheupe na kila mtu anaiona. Fundi alipaka akriliki tabaka tatu nyembamba, akiacha kila moja ikauke, kisha akapitisha msasa laini kuondoa mng'ao. Kinafanya kazi vizuri ncha yake ikiwaelekea watazamaji, maana hapo urefu hauonekani. Kwenye duara kuna anayekiona ubavu kila wakati, kwa hiyo alikitumia mwanzoni tu, haraka, mikono ikitembea, kikarudi mfukoni.

Akasimama akiegemeza mgongo kwenye shina. Kabla hajaanza akatazama juu: matawi yamejaa wavulana.

"Mwalimu, naomba wale washuke kwanza."

"Waache tu Fundi, wamezoea."

"Siogopi wataanguka, Mwalimu. Wananiona viganjani."

Hakuanza mpaka wa mwisho alipotua.

Akatamka lile analotamka kila mahali, kwamba hii ni sanaa ya mikono, si uchawi, kisha akachukua kamba. Ilikuwa ya pamba, mita 2, imetolewa kiini ilale laini mkononi, ncha zimechovywa gundi zisifumuke. Mtoto anayeitwa kukata huamini anakata katikati. Anakata karibu na ncha, kwa sababu mkono wa kushoto ulipopanda ulishabadilisha kipande, kiganja kikiwa kimeelekea kifuani. Wa nyuma huona bega tu. Mkasi uwe wa fundi cherehani, umenolewa; butu hutafuna pamba, na sekunde hizo mbili zinatosha mtoto kuchungulia. Baada ya hapo Fundi anafunga fundo, analipunguza kwa mkasi mpaka linaisha, na kamba inabaki nzima. Vipande vilipoanguka watoto walivirukia wakavichunguza. Pamba tupu. Kila onyesho hula kama sentimita 10, hivyo tulinunua mita 20 kwa mkupuo, na kamba ikifika mita moja na robo inakwenda kufungia sanduku.

Pete zilishangiliwa kuliko vyote, kwani mpigaji ngoma wa bendi ya shule alizidakia vizuri kila zilipogongana.

Dakika 35, tukamaliza. Mwalimu mkuu hakuridhika. "Na njiwa wa kwenye tangazo?"

"Njiwa anataka ukuta nyuma, Mwalimu. Nipe darasa la saba peke yao, dakika kumi, bila malipo."

Tukaingia nao darasani. Fundi akachagua pembe isiyo na dirisha, tukafunga madirisha ya ubavuni maana wenzao walishajazana nje kuchungulia, na njiwa akatoka akiwa mzima.

Tangu hapo sanduku tulilipanga tabaka mbili: juu vinavyostahimili kuzungukwa, chini vinavyotaka ukuta. Barua za kuomba maonyesho zikaanza kuuliza idadi ya wanafunzi na ukubwa wa chumba, na njiwa tukamwondoa kwenye tangazo.