Nilivyoacha kukwama kwenye majina ya kisayansi ya ndege

Phoenicopterus, jina la heroe, lilinishinda kila nilipolisoma herufi kwa herufi. Dawa ilikuwa kulivunja kwanza kwa asili yake ya Kigiriki: phoinix, wekundu wa damu ya mzee, na pteron, bawa. Kumbe "pt" haitenganishwi, maana ndiyo inayoanzisha pteron! Silabi zikawa Phoe-ni-co-pte-rus.

Ukabaki mkazo, na hapa ndipo penye kazi. Ulimi wetu wa Kiswahili hukimbilia silabi ya pili kutoka mwisho. Majina haya hufuata kanuni ya Kilatini: silabi hiyo ikiwa nzito, yaani ina irabu ndefu au inafungwa na konsonanti, inabeba mkazo, ikiwa nyepesi, mkazo unarudi nyuma hatua moja. E ya pteron ni fupi, Wagiriki huiandika kwa epsiloni, kwa hiyo sema fe-ni-KO-pte-rus. Terpsiphone, jina la ndege mdogo mwenye mkia mrefu, ni kinyume chake: o ya phone, yaani sauti, ni omega, ndefu, basi ni ter-psi-FO-ne.

Kwarara mweupe, Threskiornis, ana th ya "thamani". "Rn" haiwezi kuanza neno la Kigiriki, hivyo inagawanywa, silabi inafungwa na kuwa nzito: thre-ski-OR-nis. Sasa kamusi ya Kigiriki naifungua kabla ya kufungua mdomo.