Siku moja maishani mwangu kama mwanafunzi wa takwimu: dodoso namba 41

Niko mwaka wa tatu, nasoma digrii ya takwimu hapa Dar, na kila nikirudi nyumbani swali ni lile lile, "kwa hiyo ukimaliza utakuwa unahesabu watu?" Naomba niwaeleze siku yangu ya jana.

Saa 11 alfajiri nimeamka kuwahi maji hosteli, nimeoga, nimepitia asaimenti kabla bando la usiku halijakata.

Saa 2 mpaka saa 4 lekcha. Dokta katufundisha jaribio la t, la kupima kama tofauti ya wastani ni ya kweli au ni bahati tu, lile alilolitoa William Gosset mwaka 1908 kwa jina la bandia, Student. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha bia cha Guinness kule Dublin na sampuli zake zilikuwa ndogo, kwa hiyo ilibidi ajue kwa vipimo vichache hivyo aamini kiasi gani. Naipenda sana hiyo stori, fomula imetokea kazini kwa mtu.

Saa 4 tutoriali ya regresheni, saa 6 wali maharage.

Saa 7 maabara ya kompyuta, na hapa ndo siku ilipokwamia. Utafiti wangu wa kumalizia ni wa mama lishe, dodoso 84, tumezikusanya mimi na wenzangu wawili siku nne juani. Jana ilikuwa kusafisha data kwenye R, programu ya kompyuta ya takwimu. Watu wanadhani unabonyeza tu grafu inatoka, jamani. Safu ya eneo peke yake ina Mwenge, mwenge, Mwenge stendi, Mwengee, kompyuta inaona sehemu nne tofauti. Mauzo ya siku: 60,000, 60000/=, elfu sitini, 60, na mmoja "inategemea". Huyo wa inategemea mimi namwelewa kabisa, mwisho wa mwezi na katikati ya mwezi mauzo hayafanani, ila kwa R neno moja tu linatosha safu nzima ikasomwa kama maneno.

Halafu swali la 7, "Unaanza kuuza saa ngapi?" Wastani ukaja karibu na 9. Saa tisa ipi? Nikarudi kwenye karatasi moja moja. Wengi wao wanauza chai ya asubuhi, na wameandikiwa 12 au 6, zote maana yake jua ndo linachomoza. Mimi nilikuwa naandika kumi na mbili kama mama alivyosema, mwenzangu anaigeuza kuwa saa ya simu anaandika 6, wa tatu anachanganya. Ukijumlisha 12 na 6 ukagawanya unapata 9, muda ambao hakuna mama hata mmoja aliyeutaja. Sensa ya 2022 iliyopata watu 61,741,120 iliwauliza wote kuhusu usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ili mtu asihesabiwe mara mbili. Wao waliubana muda kwanza. Mimi sikuubana.

Nikaanza kutenganisha kwa mwandiko, huu wangu, huu wa fulani, macho yanauma, umeme umekata mara moja nikarudia kazi ya nusu saa. Ikabaki moja imenigomea, namba 41. Imeandikwa 5. Ikiwa ni saa ya simu basi ni saa 11 alfajiri, anauza chai. Ikiwa ni saa yetu ni saa 5 asubuhi, anauza chakula cha mchana. Zote zinaingia akilini, na simu yake haipatikani. Mwenzangu akasema weka 11 tuondoke, mtu mmoja habadilishi kitu. Kwenye wastani ni kweli habadilishi sana. Lakini nilikuwa meza ya pili siku ile, nilimuona huyo mama anajibu maswali yote 22 na mwiko mkononi, wateja wanamsubiri, sasa mimi nimuandikie jibu la kubuni?

Nikapanda daladala, nimesimama njia nzima, foleni haisogei, sijui hata nilifika saa ngapi, giza lilikuwa linaingia na yeye anaosha masufuria.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, makaratasi tena?"

Nikamuuliza ile saa tano ni ipi.

"Kuuza naanza saa tano, watu wakianza kuulizia wali. Ila moto nawasha saa kumi na moja alfajiri. Hilo hamkuniuliza."

Hatukumuuliza kweli. Masaa sita ya kazi kila siku, na dodoso langu lote halina pa kuyaandika.

Usiku huu nimemaliza swali la 7, majibu yote yako kwenye mfumo mmoja wa saa sasa. Nimeongeza na safu mpya, nimeiita kuwasha_moto. Ina jibu moja na nafasi tupu 83. Kesho asubuhi naenda kwa msimamizi wangu kumuomba wiki moja zaidi nirudi kuwauliza.