Bangi ni siku ya kuvuna, sio mbegu tu

Watu wakiongelea bangi wanataja mbegu tu, aina gani ina nguvu, siku ya kuvuna wanaisahau kabisa na hapo ndo kuna mambo. Mmea wenyewe kwanza hautengenezi THC, ile kemikali inayolevya, moja kwa moja, unatengeneza asidi yake, THCA, inayotokana na asidi mama inayoitwa CBGA, na CBDA, asidi ya CBD ambayo hailevyi, nayo inatoka hukohuko, zote zinajaa kwenye vile vinyweleo vidogo vya utomvu juu ya ua, trikomu. Mwanzo vinakuwa angavu, baadae vinapata weupe mzito, mwisho rangi ya dhahabu. Ukichelewa sana THC inaharibiwa na hewa na mwanga inageuka CBN, kemikali nyingine yenye nguvu ndogo, na terpini nyepesi za harufu zinapeperuka.

Wanaolima hempu, yaani bangi yenye THC kidogo sana, ndo nawaonea huruma zaidi, maana Marekani kwa mfano sheria ya 2018 inataka THC isizidi asilimia 0.3, sasa CBD ikipanda THC nayo inapanda hapohapo, ukingoja wiki moja zaidi upate CBD nyingi shamba zima linaweza kuzidi kiwango. Mi naamini kupima maabara mapema na kurudia kupima, rangi ya trikomu peke yake haitoshi.