Dirisha la dawa na futari

Mwaka wa nne huu nakunywa methadoni, dawa ya kutuachisha heroini, yaani unga. Hospitali ya Muhimbili kule Dar walianza 2011, sisi Unguja tukaipata 2015. Mimi nilichelewa, nilikuwa bado naupenda unga.

Dawa hii hunywewa kila siku mbele ya muuguzi, kikombe kidogo, kisha unaambiwa useme neno wajue umemeza. Sawa. Tatizo dirisha lilikuwa asubuhi tu. Ramadhani ikiingia uchague: ufunge upate arosto, yale maumivu ya kukosa dawa, au unywe uitwe kobe, mla mchana. Mwenzetu mmoja akachagua funga. Siku ya tatu nilimkuta kajikunja barazani kwao, jasho na makamasi, mama yake anampepea kwa kawa. Siku ya tano karudi maskani, kwenye unga.

Basi tukaenda kuomba kikao, watu sita. Mlinzi akauliza, "Nyinyi mateja mnataka nini tena?" Na mimi nimevaa kanzu yangu ya Idi! Ndani daktari alitusikiliza, lakini kila akijibu anamtazama mfanyakazi wa soba hausi, nyumba ya wanaoacha unga, aliyetusindikiza. Nikamwambia, "Samahani dokta, mnywaji ni mimi."

Akacheka. Akavuta kiti karibu.

Ramadhani hii dirisha lilifunguliwa baada ya Magharibi. Nafuturu tende, nakunywa dawa yangu, nawahi tarawehe. Sasa tumeshika la wenzetu wa shamba: mtu atoke Nungwi kwa daladala kila siku ya Mungu, kazi ataifanya saa ngapi?