Waini ya kipupwe kwa mfuko wa mtu wa Mtwara

Kusi limeshaanza. Ukipita Shangani jioni unakuta watu wamevaa masweta ambayo mtu wa Njombe akiyaona atacheka mpaka akae chini. Baridi ya pwani ni ya kujisingizia tu, lakini panda Newala mwezi wa saba uone. Asubuhi ukungu umefunika bonde lote, ukisimama Shimo la Mungu huoni hata dalili ya Ruvuma huko chini, na usiku blanketi moja halitoshi. Mume wangu kwao ni huko. Kwa hiyo kipupwe chote tunapanda mara kwa mara, na kazi ya kuchagua chupa nimeachiwa mimi kwa sababu yeye akiingia dukani ananunua yenye picha nzuri.

Mimi ni karani wa ghala. Sasa hivi tuna ufuta, baadaye mbaazi, Oktoba korosho zinaanza kuingia. Mtu wa ghala akitazama bidhaa yoyote anauliza kwanza imekaa wapi na kwa muda gani, na kwenye waini za bei ya kawaida swali hilo lina uzito kuliko nchi ilikotoka. Chupa ya Afrika Kusini imevuka bahari ndani ya kontena, imeshushwa, imepanda lori zaidi ya kilomita 500 kuja huku kwetu, halafu imewekwa rafu ya juu kabisa, chini ya bati, dirisha likiimulika. Kama iliingia Novemba, joto lote la mwanzo wa mwaka imelila. Waini hutakiwa kukaa kwenye baridi ya nyuzi 12 hadi 15 hivi, gizani, bila kutikiswa. Ikipikwa na joto inapoteza harufu ya tunda na kubaki na ladha ya zabibu kavu zilizochemshwa.

Kwa hiyo mimi sinunui kwenye duka linalopanga vizuri, nanunua kwenye duka linalouza sana. Kuna moja karibu na soko kuu ambalo mzee mwenyewe hanywi kabisa, ni mtu wa swala tano, biashara hiyo anaiendesha kijana wake nyuma ya pazia. Kijana ameshanizoea. "Dada, hizi za mbele ni za maonyesho," aliniambia, "subiri nikutolee za kwenye katoni." Nikiipata chupa naigeuza. Kama ina kizibo cha gome, nakipapasa kwa dole gumba: kikiwa kimechomoza juu ya mdomo wa chupa, joto limeshaisukuma waini kutoka ndani. Natazama shingo kama kuna mchirizi wa kunata chini ya karatasi. Naiinua kwenye mwanga nione kiasi kilichomo. Ikiwa waini imeshuka chini ya shingo mpaka mabegani, kuna hewa imeingia. Nyekundu changa ikionekana na rangi ya tofali, naishukuru na kuirudisha.

Ndiyo maana kwa mkoa wetu napendelea kifuniko cha kuzungusha. Wapo wanaokidharau, eti ni cha chupa za bei rahisi. Waache. Hakikauki, hakivuji kirahisi, na huhitaji kifungulio ambacho kila ukifika Newala kinakuwa kimesahaulika Mtwara. Baada ya hapo soma mwaka wa mavuno kwenye karatasi ya chupa. Kusini mwa dunia zabibu huvunwa kati ya Februari na Aprili, kwa hiyo katikati ya mwaka huu, chupa ya Cape, yaani Afrika Kusini, au ya Chile yenye mwaka uliopita bado ni mbichi na nzuri. Nyeupe ya bei ndogo iliyopita miaka mitatu hapa kwetu siigusi.

Sasa nchi. Afrika Kusini ndiyo iliyojaa kwenye maduka yetu, na haikutokea hivihivi: iko jirani, na makubaliano ya biashara ya SADC yanaipa nafuu ya forodha ambayo za Ulaya hazipati. Kwa pesa ileile unapata waini bora zaidi. Kwa kipupwe chukua Pinotage. Zabibu hii ni yao wenyewe. Profesa Abraham Perold aliizalisha mwaka 1925 kule Stellenbosch kwa kuchanganya Pinot Noir na Cinsaut. Ina ladha ya zambarau zilizoiva na moshi kwa mbali, na hicho kimoshi ndicho ninachokitaka, kwa sababu Newala kuku wa kienyeji anabanikwa kwanza kabla ya kuingia kwenye mchuzi. (Kwa wanaokula panya wa shambani wa kubanika, nimeambiwa inakwenda vilevile. Mimi sijafika huko, mama mkwe ananisubiri tu.) Shiraz inayotoka Swartland nayo ni ya baridi haswa, nzito, na pilipili manga unaisikia kwenye pua.

Hapo kuna siri ndogo ya karatasi. Ikiandikwa Western Cape tu, zabibu zimekusanywa kutoka eneo pana na bei inashuka. Ikitaja wilaya kama Robertson au Swartland, wamejibana zaidi, na mara nyingi tofauti ya bei ni ndogo kuliko tofauti ya waini yenyewe. Naongeza hiyo hela kidogo bila kinyongo. Ikifika Stellenbosch naacha, pale unaanza kulipia jina.

Dodoma nayo nataka niitetee, kwa sababu watu wanaipima kwa zile tamu za kwenye baa. Kule wanavuna mara mbili kwa mwaka, na wana zabibu nyekundu inayoitwa Makutupora, jina la kituo cha utafiti cha hukohuko, pamoja na Chenin Blanc. Waini iliyotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini inatozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ya nje, na unafuu huo unauona rafuni. Tatizo si zabibu, tatizo ni sukari. Ukitaka ya kula nayo chakula, tafuta iliyoandikwa Dry, ukiona Sweet jua ni ya kunywa peke yake au kupeleka kwenye kipaimara, ambako wageni wote watakusifia. Nyekundu kavu ya Dodoma haina makuu. Ni kali kidogo mwanzoni, ina uchachu, na kwa mbaazi za nazi au ugali wa muhogo na nyama ya mbuzi inatosha kabisa. Nyeupe yao, Chenin, naiweka kwa pweza wa nazi. Nyekundu yenye ukakasi ukiichanganya na vitu vya bahari inakuachia ladha ya chuma mdomoni, hata kama kuna baridi kiasi gani.

Chile ni chaguo la salama usipojua kitu. Nyekundu yao ya zabibu ya Carménère inapendeza: walikuwa wakiiuza kama Merlot mpaka mwaka 1994 mtaalamu mmoja Mfaransa alipoitambua mashambani. Malbec ya Mendoza, Argentina, nainunua nikiiona, lakini huku kusini siioni mara nyingi. Hispania, tafuta nyekundu za zabibu ya Garnacha, au Monastrell ya Jumilla, ni za jua kali na bei yake ina huruma. Ufaransa ya bei ndogo yenye jina la Bordeaux mimi naipita. Afadhali iliyoandikwa Pays d'Oc, ya kusini mwa Ufaransa.

Waini za boksi zinasemwa vibaya bila sababu. Lile la lita 5 ni zaidi kidogo ya chupa sita na nusu, mfuko wa ndani unajikunja kadiri unavyomimina hivyo hewa haiingii, na likikaa kwenye friji unakunywa taratibu mwezi mzima. Ila mfuko ni plastiki, hauhifadhi miaka. Soma tarehe chini ya boksi kabla hujalipa.

Na tafadhali, nyekundu iingie kwenye friji. Najua umesikia inanywewa na joto la chumba. Chumba kilichokusudiwa ni cha Ulaya, chenye nyuzi 16 hadi 18. Sebule ya Mtwara hata Julai haifiki huko chini. Nusu saa kwenye friji inatosha. Newala huhitaji, iache mezani usiku.

Mama mkwe yeye hataki ya baridi hata kidogo, kwa hiyo huko nachukua nyekundu ya boksi, nusu lita hivi, naitia kwenye sufuria na kijiti cha mdalasini, karafuu nne tano, maganda ya chungwa na kijiko cha asali. Jiko la mkaa liwe limeshatulia. Inapoanza kutoa mvuke naiepua, haitakiwi kuchemka, maana kilevi chenyewe huchemka kwenye nyuzi 78 tu na karafuu zikipitiliza zinaleta uchungu. Wajerumani hunywa hivyo kwenye majira yao ya baridi. Usitumie chupa nzuri hapo, ni kuiharibu, na usitumie tamu ya Dodoma ukaongeza tena asali.

Ninachokitafuta sasa ni nyekundu za Ureno, hasa za Alentejo. Msumbiji, ng'ambo tu ya mto, waini ya Kireno ni kitu cha kawaida mezani, huku kwetu lazima uiwinde. Kama kuna duka Masasi au Lindi mjini umeziona, niandikie jina la mtaa na bei, na uniambie zilikuwa zimewekwa wapi.